Vidonge Nilivyomeza Mbele ya Mama Masatu

Ukiambiwa una kifua kikuu sugu, kitu cha kwanza utakachokifahamu vizuri ni benchi. Wagonjwa wengine husubiri ndani, penye televisheni. Sisi tulikuwa tukisubiri nje, chini ya paa la bati lisilo na ukuta, kila mtu na barakoa yake na kikopo chake cha makohozi, na wapita njia wakifika usawa wetu walikuwa wanaongeza mwendo. Wiki za kwanza nililichukia benchi lile kuliko ugonjwa wenyewe. Baadaye nikamzoea mzee mmoja wa Rubafu aliyekuwa akinitunzia nafasi upande usiopigwa na mvua, tukawa tunapeana habari za vidonge kama wengine wanavyopeana habari za mpira. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi kama lile leo, anajiuliza kama atafika mwisho. Mimi nimefika, ila sikufika peke yangu.

Naitwa Koku. Nyumbani kwetu ni Maruku, nimeolewa Kanazi, na kazi yangu ni biashara ya dagaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nashuka Muleba, napanda boti hadi visiwani, nanunua dagaa wakavu na kuja kuwauza sokoni Bukoba. Jumapili naimba kwaya kanisani kwetu, kwa Walutheri, sauti ya pili. Nyimbo za upendo wa Mungu nilikuwa nazijua zote kwa kichwa, na mtu angeniuliza upendo huo unafananaje ningemwimbia ubeti.

Kisiwani ndiko nilikokutana na Mama Masatu. Ni Mkerewe, mjane, mfupi, na sauti yake ni ya ugomvi hata akikusalimia. Kazi yake ni kuanika dagaa. Safari ya kwanza nilijaribu kushusha bei, akanifukuza. Nikarudi, akanifukuza tena. Safari iliyofuata upepo ulizuia boti, sikuwa na pa kulala, akanionyesha kona ya kibanda chake bila kunitazama usoni. Tangu hapo kwake pakawa kwangu. Yeye ni Msabato, mimi Mlutheri, kwa hiyo tulikuwa tukibishana kuhusu Jumamosi na Jumapili mpaka usingizi utuchukue, na asubuhi tunaendelea tulipoishia. Sikumbuki hata mara moja mmoja wetu akimshinda mwenzake.

Kikohozi kilianza msimu wa kuvuna kahawa. Nilikunywa dawa za chupa, nikanywa majani ya mama mkwe, nikanywa asali na limau. Mwili ukaanza kupungua. Kitenge nilichokuwa nafunga mara moja kiunoni sasa kilinizunguka mara mbili. Kwenye kwaya nilikuwa naanza ubeti na wenzangu wanaumaliza. Siku niliyotema damu kwenye beseni la kuogea, mume wangu, Baba Alinda, alifunga karakana yake ya useremala akanipeleka hospitali mjini.

Majibu yalipotoka, muuguzi alitukalisha wote wawili nje, kwenye hewa, akatueleza taratibu. Dawa ni za kila siku, kwa zaidi ya mwaka, na lazima nimeze zahanati ya karibu, mbele ya macho ya mtu. Vijidudu vinapita kwenye hewa, kwa hiyo madirisha yawe wazi, jua liingie, nivae barakoa nikiwa ndani na watu. Sahani, kikombe na chakula havina shida. Alirudia hilo la chakula, nadhani kwa sababu alitufahamu sisi Wahaya. Baba Alinda alitikisa kichwa kukubali kila neno.

Nyumbani mambo yakawa kinyume kabisa. Nieleze kwanza kwa asiyejua: kwetu chakula kinamwagwa kwenye jani la mgomba, chini, katikati ya mkeka, na nyumba nzima inakaa kulizunguka. Ndizi na maharage na samaki vyote hapo. Mgeni akija anasogezewa nafasi palepale. Kula kwenye jani moja ndiko kuwa wa nyumba ile. Mama mkwe wangu, Ma Ester, alisikiliza maelezo ya hospitali kwa heshima, kisha akaenda kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, akakata majani mawili. Kubwa akalitandika katikati ya mkeka kwa ajili yao. Dogo akanitandikia mimi kwenye kona. Halafu, ili baridi isinizidishie kifua, akafunga madirisha yote na kuziba upenyo wa mlango kwa gunia.

Simchukii kwa hilo, na sitaki wewe umchukie. Kaka yake alikufa kwa kikohozi zamani, yeye Ma Ester akiwa msichana mdogo, na walivyofundishwa wakati ule ni hivyo. Lakini nakuambia ukweli: vidonge havikuniumiza kama jani lile. Watoto wangu walikuwa wanakula wamenipa mgongo kwa sababu bibi yao ndivyo alivyowapanga. Baba Alinda alikuwa anajua alichosema muuguzi. Alimega ndizi yake akitazama chini na hakumwambia mama yake neno.

Vidonge navyo vilifanya kazi yake. Ladha ya chuma haikutoka mdomoni. Ngozi yangu ya maji ya kunde ikageuka nyeusi ya masizi, uso kwanza, kisha mikono. Alinda, binti yangu wa darasa la tatu, alinitazama siku moja akasema, "Mama, umekuwa mtu mwingine." Miguu ikashikwa na ganzi, nikawa napoteza ndala njiani bila kujua. Nafika zahanati nikiwa na ndala moja, ndipo naulizwa nyingine iko wapi. Wenzangu wa kwaya walikuja kuniona, wakaacha sukari na sabuni, wakaimba wakiwa uani, mbali kidogo. Mchungaji aliomba vizuri sana. Walipoondoka nilimwambia Mungu kwamba nimemwimbia miaka yote hiyo na sasa ananiachia kona na jani dogo, na kama huo ndio upendo basi awape wengine.

Mama Masatu alikuja mara ya kwanza wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika na waanikaji pia. Alifika mchana, tukiwa tunakula. Alisimama mlangoni, akatazama jani kubwa, akatazama langu. Ma Ester akamwambia kwa heshima ya Kihaya, "Karibu, waitu, sogea hapa," akimwonyesha nafasi karibu na watoto.

"Ahsante mama, nimeshaona nafasi," Mama Masatu akasema. Akaenda kufungua dirisha la kwanza, akafungua la pili, akatoa lile gunia mlangoni, kisha akaja kukaa chini mbele yangu, akamega ndizi kwenye jani langu, akala.

Ma Ester alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mama Masatu alitafuna polepole, akasema, "Hizi ndizi ni za hapa kibanjani? Kwetu kisiwani tunaletewa zilizochoka." Akala mpaka jani likaisha. Alipomaliza alinitoa nje juani, akavaa barakoa yake, akaanza kunigombeza kwa nini sina nywele zilizosukwa.

Basi ikawa kila mbalamwezi anakuja, anakaa siku chache, giza likianza anarudi kazini. Nilianza kuhesabu ugonjwa wangu kwa mwezi wa angani badala ya wa kalenda. Zikaja mvua za masika. Makohozi yangu yalipimwa tena, na majibu yakasema bado. Daktari alisema hilo hutokea, kwamba nisikate tamaa, labda muda utaongezwa. Mimi nilichosikia ni hilo la mwisho tu.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo kulikuwa na kikao cha ukoo sebuleni. Sikuitwa, lakini ukuta wa chumba changu haukuwa mnene. Walikubaliana kwamba ni vyema nirudishwe Maruku kwa ndugu zangu, nikatunzwe huko mpaka nipone au itakavyokuwa. Wakamuuliza Baba Alinda. Akasema, "Nitafikiri." Nilikuwa nimeolewa naye nikiwa msichana, nimemzalia watoto wawili, na huo ndio utetezi nilioupata.

Kesho yake sikwenda zahanati. Na iliyofuata sikwenda. Nililala nimegeukia ukuta na kichefuchefu kikapungua, na nikasema moyoni kumbe kufa kuna nafuu yake. Nilimpigia Mama Masatu kumuaga, ingawa sikutumia neno hilo. Nilimwambia tu nimechoka, nataka kupumzika. Upande wa pili nilisikia kelele za mitumbwi na watu wakishusha samaki. Alikata simu bila kuaga, nikafikiri mtandao.

Alifika na boti iliyobeba magunia, nguo zake zinanuka ziwa, na begi kubwa kuliko la siku zote. Hakusalimia.

"Umemeza?"

"Sijameza."

"Jana?"

"Jana pia."

"Amka."

"Mama Masatu, nimechoka. Niache nipumzike."

"Utapumzika ukishameza."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo Mkristo hapaswi kumwambia mtu aliyevuka maji kuja kumwona. Nilimwambia yeye atarudi kisiwani, hafukuzwi kwenye nyumba aliyoijenga, halali kwenye kona. Nikamwambia anajifanya jasiri kwa sababu haogopi. Hapo ndipo alipokaa kitandani.

"Nani kakwambia siogopi?" akasema. "Naogopa tangu siku ya kwanza. Ile ndizi niliyokula hapo sebuleni, nilitafuna polepole kwa hofu. Kila nikija naogopa. Usiku nikikohoa kidogo tu nawaza, haya, nimeshachukua."

"Basi unakuja kufanya nini?"

Alilivuta begi lake karibu. "Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza ukashusha bei? Mume wangu alikuwa amezama, hata mwezi haujaisha. Nilikuwa silali, sili. Nilimwambia Mungu anichukue. Badala ya kunichukua akakuleta wewe na ubishi wako wa bei. Nikakufukuza, ukarudi. Nikakufukuza, ukarudi tena, ukalala kwangu, ukaanza kunifundisha Jumapili. Nikasema huyu Mlutheri ametumwa kunisumbua niendelee kuishi." Akafungua begi akatoa sufuria, kanga mbili na taa. "Sasa na mimi nimekuja kukusumbua. Nimepata chumba kwa fundi baiskeli pale barabarani."

"Lakini giza limeanza. Kazi je?"

"Kazi ipo. Vaa ndala."

Sikujua hata kidogo kwamba nilikuwa na sehemu katika kuishi kwake. Nilidhani nilikuwa nanunua dagaa tu. Nililia, nikaamka, nikavaa ndala.

Kuanzia siku hiyo alinipeleka zahanati kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Muuguzi alikuwa amekasirika kwa siku nilizoruka, akanisema mpaka akaishiwa, kisha akanipa vidonge. Mama Masatu alisimama mbele yangu akinitazama nameza kimoja kimoja. Kurudi alikuwa anatembea nyuma yangu makusudi, ndala ikinitoka anaiokota na kunivalisha bila kusema kitu, kisha anaendelea na ubishi wake. Nikitapika alikuwa ananishika kipaji cha uso kwa kiganja. Jumamosi alikuwa hafanyi kazi yoyote, hata moto hawashi, ila Jumamosi ilikuwa siku ya vidonge kama nyingine zote, na nilipomuuliza, alisema nisimletee maswali ya Kilutheri asubuhi.

Nikisema ukweli, si mimi peke yangu niliyebadilika. Mume wangu alikuwa anatoka asubuhi kwenda karakana na kumkuta mwanamke wa kisiwani, asiye ndugu yake, anafagia uwanja wake na kufua shuka za mke wake. Nadhani hilo lilimfanyia kazi ndani taratibu. Siku moja wakati wa kula alisimama, akalichukua jani langu kutoka kona akaliweka juu ya jani kubwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, Koku haendi Maruku." Ma Ester alizitazama zile ndizi. Halafu akasogea kidogo kunipa nafasi, akanimegea kipande akaniwekea mbele. Nilikuwa sijakaa pale karibu mwaka.

Majibu ya kiangazi yalisema hakuna vijidudu. Yaliyofuata yakasema hivyohivyo. Mama Masatu aliyapokea kama mtu anayepokea chenji, akayahakiki, akafungasha vitu vyake arudi kisiwani. Alimkabidhi Ma Ester kazi yake akimpa maelekezo makali: atazame ulimi, atazame chini ya ulimi, asidanganywe na machozi. Na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ananikatia jani la kona, akawa anatembea nami hadi zahanati akiwa na fimbo yake na kuniamuru mbele ya watu, "Fungua kinywa." Nilifungua. Msimu wa senene ukaja na kupita, kahawa ikachanua upya, na mvua zilipoanza tena bila kunitetemesha nilimeza kidonge cha mwisho. Muuguzi alinipigia makofi. Ma Ester akatazama chini ya ulimi wangu hata siku hiyo.

Kanisani tulitoa shukrani, na Mama Masatu hakuja, akasema kwa simu kwamba giza limeanza na ana kazi. Kwa hiyo nilimfuata mwenyewe. Nilipanda boti na mkungu wa ndizi na kitenge kipya, ngozi yangu bado nyeusi mikononi, miguu bado na ganzi kidogo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumshukuru.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja nilikozoea kumkuta, karibu na mitumbwi inapoegeshwa, nikamkuta mwanamke mwingine na chanja mpya za kuanikia. Nikamuuliza.

"Mama Masatu? Yuko kule mwisho, kwenye mawe."

"Alihamia lini?"

Yule mwanamke alinieleza bila ubaya wowote. Mwaloni, hapo mitumbwi inaposhusha samaki, kila mwanikaji ana mahali pake, lakini mahali pakikaa tupu giza zima, anapewa mwingine. Mwenyekiti wa mwalo alimpigia Mama Masatu simu zaidi ya mara moja, akamwambia arudi mapema kabla hajachelewa. Alimjibu kwamba ana mgonjwa, wafanye wanavyoona. Basi mahali akapewa yeye huyu, chanja za Mama Masatu zikavunjwa kuwa mbao, na aliporudi hakudai kitu.

Nilitembea kwenda mwisho wa ufukwe. Mahubiri juu ya Yule aliyeacha mahali pake akaja kukaa nasi nimeyasikia tangu nikiwa mtoto Maruku. Nimeyaimba kwa sauti nne, kila Krismasi. Lakini mahali penyewe palipoachwa nilikuwa sijawahi kupaona kwa macho, na sikujua kwamba ninaweza kupita hapo na kumkuta mtu mwingine ameanika dagaa wake. Mungu niliyemwambia auondoe upendo wake awape wengine alikuwa ameshaanza kunijibu tangu siku dirisha lilipofunguliwa.

Nilimkuta ameinama, anahamisha mawe ili apate sehemu iliyo sawa ya kusimamisha nguzo. Alikuwa amekonda. Maneno yote niliyoyapanga kwenye boti yalinitoka.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia ungeacha dawa."

"Ulikuwa na mahali pazuri kuliko wote hapa."

"Mahali ni mahali." Alinyoosha mgongo, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umenenepa. Umeleta ndizi za kibanjani au hizi zilizochoka?"

Nilitua mkungu. Nikakikunja kitenge kipya, nikakiweka juu yake, nikainama na kushika jiwe lililokuwa mbele yake, kubwa, la kuchosha mwanaume. Nililiinua hadi kifuani, nikalibeba hadi majini, nikalitupa, nikarudi nikivuta pumzi nzito iliyoingia mpaka mwisho na kutoka bila kikohozi. Nikashika la pili.

Nilipogeuka, Mama Masatu alikuwa amekaa chini kwenye changarawe, ameficha uso kwenye upindo wa kanga. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, hata alipozungumza juu ya mumewe. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Hatukubishana juu ya jambo lolote kwa muda mrefu.

Jioni nilimpigia Baba Alinda. Nilimwambia asinisubiri, kwamba sirudi mpaka mbalamwezi, kuna mawe mengi.